Walezi wa Skauti: Historia Fupi ya Waliojitolea, kutoka Brownsea hadi Nyeri

Kila tarehe 22 Februari skauti duniani kote huadhimisha Siku ya Mwasisi. Ndiyo siku aliyozaliwa Robert Baden-Powell jijini London mwaka 1857, na ndiyo siku aliyozaliwa mkewe, Olave, mwaka 1889. Kwa Afrika Mashariki siku hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa wote wawili wamezikwa Nyeri, Kenya, na skauti hufika hapo kila mwaka kuwakumbuka. Hotuba husomwa, mashada ya maua huwekwa, wageni rasmi huvishwa skafu.

Makala haya yanaiadhimisha siku hiyo kwa kuwakumbuka watu ambao majina yao hayasomwi katika hotuba. Ni watu wazima ambao kwa zaidi ya miaka 100 wametoa Jumamosi zao, nauli zao na likizo zao, bila mshahara, ili vijana wapate kuwa skauti. Chama hiki kimefika hapa kwa sababu watu hao walikubali jambo moja ambalo si rahisi kwa mtu mzima: kukaa chini na kufundishwa kabla ya kusimama kufundisha.

Vijana watafuta mtu mzima

Uskauti ulianza kwa kambi moja. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti 1907, Baden-Powell alikusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wakati huo alikuwa jenerali mwenye jina kubwa, kwa kuwa aliulinda mji wa Mafeking uliozingirwa kwa siku 217 katika vita vya Makaburu. Baadhi ya wavulana walitoka shule za watoto wa matajiri. Wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi kutoka miji ya jirani ya Poole na Bournemouth. Aliwachanganya katika vikundi vinne, Mbwa Mwitu, Fahali, Sululu na Kunguru, kila kikundi kikiongozwa na mvulana mwenzao. Asubuhi aliwaamsha kwa kupuliza pembe ya tandala aliyoipata katika vita vya Wamatebele mwaka 1896.

Januari 1908 kitabu chake cha uskauti kilianza kutoka kwa sehemu, kila baada ya majuma mawili. Alidhani kingetumiwa na vyama vya vijana vilivyokuwapo tayari. Badala yake wavulana walikinunua wenyewe, wakajipanga vikundi wenyewe, wakatafuta fimbo na kofia, ndipo wakaenda kumtafuta mtu mzima wa kuwaongoza: padri wa mtaa, mwalimu, kaka wa mmoja wao, karani aliyekuwa na nafasi jioni. Mwaka 1909 wasichana nao walijitokeza katika mkutano mkubwa wa skauti kwenye jumba la Crystal Palace, London, wakisema na wao ni skauti. Mwaka uliofuata wakaundiwa chama chao, cha Girl Guides, chini ya Agnes, dada yake Baden-Powell. Kufikia mwaka 1910 Uingereza peke yake ilikuwa na skauti zaidi ya 100,000.

Kiongozi wa kwanza wa skauti, kwa hiyo, hakuteuliwa na ofisi yoyote. Aliombwa na watoto, akakubali. Lakini alikuwa na kitabu kilekile walichokuwa nacho wao, na pengine hakuwa amekisoma kwa siku nyingi kuliko wao. Moyo alikuwa nao. Mafunzo hakuwa nayo.

Vita, kisha Gilwell

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, viongozi wengi wa skauti wa Uingereza waliingia jeshini, na wengi hawakurudi. Mmoja wao ni Roland Philipps, kijana wa ukoo wa kitajiri aliyejitolea kuongoza skauti katika mitaa ya maskini ya mashariki mwa London. Mwaka 1914 alitoa kitabu kuhusu namna ya kuongoza kikosi kwa kuwapa vijana wenyewe madaraka katika vikundi vidogo. Aliuawa katika mapigano ya Somme Julai 1916. Huko nyumbani Uingereza, vikosi vingi vilishikwa na wanawake na wavulana wakubwa, na hapo ikaonekana kwamba mfumo ule wa vikundi ulifanya kazi kweli. Ikaonekana pia kwamba chama hakiwezi kutegemea bahati ya kumpata mtu mwema. Lazima kiwe na mahali pa kumfunza.

Mahali hapo palipatikana kwa msaada wa mtu mwingine wa kujitolea. William de Bois Maclaren, kamishna wa skauti kutoka Scotland, alisikitika kuwaona vijana wa mashariki mwa London hawana pa kupiga kambi. Akatoa fedha za kununua shamba la Gilwell, kando ya jiji. Lilifunguliwa Julai 1919, na Septemba mwaka huohuo kozi ya kwanza ya viongozi ikaanza.

Utaratibu wa kozi ile ndio unaofuatwa hadi leo. Watu wazima hugawanywa katika vikundi kama watoto. Hulala kwenye mahema, huwasha moto wao, hupika, huosha masufuria, na huongozwa kwa zamu na wenzao. Meneja wa benki hupokea maagizo ya kuchota maji kutoka kwa fundi seremala, na kesho yake zamu hubadilika. Siku chache za namna hiyo humfundisha mtu jinsi mtoto anavyojisikia akipuuzwa, akiharakishwa, au akisifiwa kwa kazi aliyoifanya vizuri. Baden-Powell alipowaandikia viongozi mwongozo wao katika kipindi hichohicho, aliwataka wawe kwa vijana kama kaka mkubwa, wala si kama amiri jeshi au mwalimu mwenye fimbo.

Anayemaliza mafunzo, na kuyatumia katika kikosi chake hadi akapimwa, hutunukiwa nishani ya Wood Badge. Ni shanga mbili za mti kwenye ukanda mwembamba wa ngozi, pamoja na skafu yenye kiraka cha kitambaa cha mirabaraba cha ukoo wa Maclaren mgongoni. Shanga za kwanza zilichomolewa katika mkufu ambao Baden-Powell aliuleta kutoka nchi ya Wazulu mwaka 1888, mkufu unaohusishwa na Mfalme Dinuzulu. Kwa Wazulu shanga za namna hiyo, iziqu, zilikuwa heshima ya shujaa. Zilizotolewa baadaye zilichongwa kwa kuigiza zile za asili. Mwafrika anayezivaa leo amevaa heshima iliyozaliwa barani kwake na kutoka mikononi mwa wenyewe wakati wa vita vya kikoloni. Inafaa ayajue yote mawili.

Mwalimu wa shule ndiye kiongozi

Uskauti ulifika Kenya mwaka 1910, Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917. Ulikuja na watawala na wamisionari, na ukaja pia na ubaguzi wao. Kanuni ya nne ya skauti inasema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine, lakini makoloni yaliwatenga watoto kwa rangi. Huko Afrika Kusini vijana Waafrika waliundiwa chama cha pembeni, Pathfinders, mwaka 1922, na vyama vya rangi mbalimbali havikuunganishwa kuwa kimoja hadi mwaka 1977. Nchini Kenya, wakati wa Hali ya Hatari miaka ya 1950, serikali iliutumia uskauti hata katika kambi ya Wamumu, walikowekwa vijana waliokamatwa kwa kuhusishwa na Mau Mau.

Hata hivyo, aliyeubeba uskauti hadi vijijini alikuwa mwalimu Mwafrika wa shule ya misheni. Yeye ndiye aliyeisoma kanuni ile ya nne mbele ya watoto na kuichukua kama ilivyoandikwa. Kama skauti ni ndugu wa kila skauti, basi mtoto wa mkulima wa Kilimanjaro ni ndugu wa mtoto wa gavana. Mkoloni alileta chama cha kufundisha utii. Mikononi mwa walimu wengi kikawa pia mahali ambapo kijana alijifunza kusimama sawa na mwingine.

Mwasisi mwenyewe alihamia Nyeri mwaka 1938. Nyumba yake ndogo, Paxtu, ilijengwa katika viwanja vya hoteli ya Outspan, mali ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake. Alifariki hapo tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83. Jiwe la kaburi lake lina duara lenye nukta katikati. Skauti yeyote aliyefundishwa alama za njiani huisoma mara moja: nimekwenda nyumbani. Olave alifariki mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa kuzikwa kaburini humo.

Baada ya uhuru

Tanganyika ilitambuliwa na shirika la skauti la dunia mwaka 1963 na Kenya mwaka 1964. Utumishi kwa malkia wa Uingereza uliondolewa katika ahadi, ukabaki utumishi kwa Mungu na kwa nchi. Mwaka 1973 Nairobi ilipokea mkutano mkuu wa skauti wa dunia, wa kwanza kufanyika Afrika. Mwaka 2010 ikapokea kambi ya dunia ya skauti vijana wakubwa, nayo ya kwanza barani. Kenya iliyapa makundi yake ya umri majina ya Kiswahili: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Tanzania ina kaulimbiu inayojulikana hata na wasio skauti: Uwe tayari.

Kazi yenyewe, hata hivyo, hufanyika mbali na mikutano, kwenye kiwanja cha shule baada ya vipindi. Mwalimu anakaa chini ya mwembe na kamba mbili, moja nyeupe na moja ya katani. Anawaita viongozi wa vikundi peke yao, na kuwaonyesha fundo la kuunganisha kamba mbili: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Akikosea mmoja akafanya kulia mara mbili, fundo huteleza likivutwa, na mwalimu humwacha alivute mwenyewe aone. Wakishaliweza, anawarudisha kwa wenzao wafundishe, naye anasogea pembeni. Kutoka hapo atasikia fundo likifundishwa vibaya, na atanyamaza kwanza, kwa kuwa kiongozi wa kikundi wa miaka kumi na miwili huenda akaligundua kosa mwenyewe. Kunyamaza huko ndiko kunakomsumbua kiongozi mpya kuliko yote.

Kuna na kazi isiyoonekana kabisa. Kabla ya kambi ya siku mbili, mtu amekwishaandika barua za ruhusa na kuzifuatilia kwa wazazi, amekubaliana bei na dereva, ameazima masufuria, ametazama kama maji ya kambini yanafaa kunywewa. Ana orodha inayosema ni nani ana pumu, ni nani ana dawa za kumeza usiku, ni nani hali chakula gani. Watoto watakumbuka moto wa usiku na nyimbo. Orodha hiyo hakuna atakayeikumbuka, na ndiyo iliyowarudisha nyumbani salama.

Somo la uchungu

Historia ya heshima haina budi kutaja pia aibu. Katika nchi mbalimbali wamekuwapo watu waliojitolea kwa nia mbaya, wakaitumia imani ya wazazi kuwadhuru watoto. Chama kikubwa cha skauti wa kiume cha Marekani kiliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi Februari 2020, na madai ya waliosema waliumizwa utotoni yakapita 82,000. Kila dai ni mtoto aliyekabidhiwa kwa mtu mzima.

Shirika la dunia lilikwisha kuanza kubadili utaratibu. Mkutano mkuu wa Bangkok mwaka 1993 ulipitisha sera ya watu wazima katika uskauti: wachaguliwe kwa uangalifu, wapewe mafunzo, wakubaliane muda na majukumu, wasaidiwe, na kazi yao ipimwe kabla ya kuongezewa muda. Mkutano wa Thessaloniki, Ugiriki, mwaka 2002 uliweka msimamo juu ya kuwakinga skauti wasidhurike. Kwa lugha ya kikosi maana yake ni hii: mtu mzima hakai faraghani peke yake na mtoto, watu wazima hawalali hema moja na watoto, na tetesi ya madhara hupelekwa kwa wahusika siku hiyohiyo badala ya kuzimwa ili kulinda jina la chama. Kiongozi mwema huzipenda kanuni hizi. Zinamlinda mtoto kwanza, kisha zinamlinda na yeye.

Deni letu

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Historia hii inathibitisha usemi huo na kuuongezea sharti: anayemtolea mtoto muda wake, atoe pia unyenyekevu wa kufunzwa na kukaguliwa. Hilo walilijua waliokwenda Gilwell mwaka 1919, na wanalijua walimu wanaokwenda kozi leo wakati wenzao wamepumzika likizo.

Hatari kubwa ya vikosi vyetu inajulikana kwa kila aliyefundisha shule. Kikosi humtegemea mwalimu mmoja. Barua ya uhamisho ikija, kamba hubaki stoo na skafu hufifia kabatini. Kikosi chenye watu wazima watatu waliofunzwa huendelea, hata mmoja akihama. Kwa hiyo, mkuu wa shule amruhusu mwalimu wa pili aende kozi, na mzazi mwenye Jumamosi moja kwa mwezi aende kwa uongozi wa skauti wa wilaya yake, aombe kufunzwa, na akubali kuulizwa yeye ni nani na ametoka wapi. Vikosi vingi vinamhitaji mwaka huu, kabla ya 22 Februari nyingine kufika.