Stadi za msingi za kupanda milima

Stadi za msingi za kupanda milima ni maarifa anayohitaji mtu anayeanza ili aweze kupanda mlima na kurudi salama. Maarifa hayo ni pamoja na kupanga safari, kuchagua mavazi, kusoma njia na hali ya hewa, kutambua dalili za ugonjwa na kujua wakati wa kugeuka. Ni tofauti na ufundi wa kupanda miamba na barafu kwa kamba, ambao hujifunzwa baadaye chini ya mkufunzi.

Milima mingi ya Afrika Mashariki hupandwa kwa miguu tu. Hata kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro (mita 5,895) hufikiwa bila kamba kwa njia za kawaida. Kwa sababu hiyo wanaoanza hudhani kwamba nguvu za mwili zinatosha. Ajali za mlimani huweza pia kutokana na kuchelewa, baridi, kupotea, na kuendelea kupanda wakati mwili umekwisha kutoa onyo.

Milima ya kujifunzia

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kugawa Mkoa wa Mbeya, hauna mlima mrefu kama Kilimanjaro au Meru. Una vilima na miinuko inayomfaa mwanafunzi. Katika Wilaya ya Mbozi, Kimondo cha Mbozi kipo kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Wilaya ya Ileje ina milima yenye makorongo mengi inayoelekea bonde la mto Songwe, mpakani mwa Malawi.

Anayetoka Tunduma au Vwawa akifuata barabara kuu ya kwenda Mbeya hukuta milima mirefu zaidi katika mkoa jirani. Juu ya jiji la Mbeya kuna Loleza (mita 2,656) na kilele cha Mbeya (mita 2,818). Upande wa Tukuyu kuna kasoko ya Ngozi, ambayo ukingo wake hufika takriban mita 2,620, na mlima Rungwe (karibu mita 2,960). Rungwe ni hifadhi ya mazingira ya asili chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Anayetaka kuipanda hulipa kiingilio na kupata mwongozaji.

Milima hii yote iko chini ya mita 3,000. Katika kimo hicho watu wengi hawapati ugonjwa wa mlimani, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunza mwendo, njia na hali ya hewa. Haimwandai mtu kwa hewa nyepesi ya Kilimanjaro. Aliyepanda Rungwe mara kumi bila shida bado ni mgeni atakapofika mita 4,000.

Kupanga muda

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo bado hutumika: saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, pamoja na saa 1 nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya mtu mwenye mazoezi. Anayeanza huongeza nusu ya muda uliopatikana.

Mfano: njia ya kilomita 8 inayopanda mita 900 huchukua saa 1 na dakika 36 kwa umbali, na saa 1 na nusu kwa kimo. Jumla ni saa 3 na dakika 6. Kwa anayeanza inakuwa karibu saa 4 na dakika 40. Akianza saa 1 asubuhi hufika juu kabla ya saa 6 mchana. Akipumzika nusu saa na kushuka kwa saa 3 na nusu, hurudi kabla ya saa 10 alasiri. Akianza saa 4 asubuhi, safari hiyohiyo humrudisha chini saa 12 na dakika 40 jioni.

Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa katika Nyanda za Juu Kusini jua huzama takriban kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 usiku, na giza huingia haraka. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kundi hupanga saa ya kugeuka. Saa hiyo ikifika wote wanarudi, hata kama kilele kinaonekana.

Mtu anayebaki nyumbani anapaswa kujua majina ya wanaokwenda, njia watakayopita na saa wanayotarajiwa kurudi. Anayeanza hapandi peke yake. Kundi la watu wanne linafaa, kwa sababu mmoja akiumia, wa pili hubaki naye na wawili hufuata msaada.

Mavazi na vifaa

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 hadi 7 za selsiasi kila mtu anapopanda mita 1,000. Upepo na mvua huongeza baridi hiyo. Nguo za pamba, pamoja na jinzi, hushika maji na kuupoza mwili. Sweta la sufu au la nyuzi za plastiki hutunza joto hata likiwa na unyevu. Nguo huvaliwa kwa tabaka ili mtu apunguze anapopanda na kuongeza anaposimama.

Vifaa vya safari ya siku moja ni hivi:
* viatu vilivyofungwa, vyenye soli yenye meno, ambavyo vimekwisha kuvaliwa mara kadhaa. Viatu vipya huleta malengelenge, na ndala au yeboyebo huteleza
* koti la mvua na sweta, hata kama asubuhi kuna jua
* maji, angalau lita 2 kwa kila mtu, na chakula cha ziada
* tochi yenye betri nzima, kwa kila mtu
* filimbi
* simu iliyojaa chaji na kuzimwa ili kutunza betri
* ramani na dira, kwa anayejua kuzitumia
* bendeji, plasta na dawa za kawaida za mtumiaji
* kofia ya jua.

Mwendo na njia

Anayeanza huenda kwa kasi inayomruhusu kuzungumza. Akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, anakwenda mbio mno. Hatua huwa fupi na mguu mzima hukanyaga chini. Kundi hufuata mwendo wa aliye nyuma kuliko wote.

Kushuka kuna hatari zaidi kuliko kupanda. Magoti yamechoka, mawazo yako nyumbani, na majani yenye umande au udongo wa volkano uliolowa huteleza. Mkwaju hupunguza uzito unaobebwa na magoti.

Kila baada ya muda mpandaji hugeuka na kutazama alikotoka, kwa kuwa njia ya kurudi haina sura ileile ya njia ya kwenda. Katika msitu mnene kama wa Rungwe, vijia vya wanyama na vya wakata kuni hupoteza watu. Kundi likipoteza njia hurudi mahali pa mwisho palipojulikana. Kufuata korongo au kijito kushuka chini ni kosa la kawaida: kijito huishia kwenye maporomoko, na mtu hujikuta hawezi kushuka wala kupanda tena.

Hatari za hali ya hewa

Katika Nyanda za Juu Kusini mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mara nyingi asubuhi huwa safi na dhoruba huja mchana. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu lakini baridi.

Radi hupiga sehemu zilizoinuka. Sekunde zinazopita kati ya mmweko na ngurumo, zikigawanywa kwa 3, huonyesha umbali wa radi kwa kilomita. Zikiwa chini ya 30, kundi huondoka kileleni na kwenye mgongo wa mlima. Mti uliosimama peke yake si kinga. Kundi hutawanyika, na kila mtu huchuchumaa miguu ikiwa pamoja, bila kulala chini.

Kushuka kwa joto la mwili huanza na kutetemeka, kisha mikono hushindwa kufunga kamba za viatu, ulimi huwa mzito na mtu hujikwaa. Mgonjwa asiyetetemeka tena huku bado ana baridi yuko hatarini zaidi. Huondolewa kwenye upepo, huvuliwa nguo zilizolowa, hufunikwa nguo kavu na, kama ana fahamu, hupewa kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe hairuhusiwi, kwa sababu huufanya mwili upoteze joto haraka.

Ugonjwa wa mlimani

Kwenye kilele cha Kilimanjaro kila pumzi huingiza karibu nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Mwili huzoea hali hiyo ukipewa siku. Ugonjwa wa mlimani huweza kuanza kwenye kimo cha mita 2,500 na kuendelea. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu na kukosa usingizi. Kuwa kijana au mwanamichezo si kinga. Vijana wenye nguvu huweza kuugua kwa kuwa hupanda haraka.

Ushauri wa jumla ni kwamba, juu ya mita 3,000, mtu asilale zaidi ya mita 500 juu ya mahali alipolala jana yake, na apate siku ya mapumziko kila baada ya siku 3 au 4. Katika njia ya Marangu vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo viko kwenye mita 2,720, 3,720 na takriban 4,700. Kila usiku huongeza karibu mita 1,000. Ndiyo sababu hushauriwa kulala usiku wa ziada Horombo.

Ugonjwa ukizidi, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba. Dalili za mapafu ni kuhema hata mtu akiwa amepumzika, kikohozi na midomo ya buluu. Dalili za ubongo ni kuchanganyikiwa na kuyumba. Mgonjwa huombwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, ubongo umeathirika. Hali zote mbili huweza kuua kwa saa chache.

Kanuni ni tatu. Anayeumwa kichwa kwenye kimo huhesabiwa kuwa na ugonjwa wa mlimani mpaka sababu nyingine ijulikane. Mwenye dalili hapandi zaidi. Anayezidiwa hushushwa mara moja, hata usiku, wala haachwi peke yake. Oksijeni na dawa husaidia, lakini hazichukui nafasi ya kushuka.

Kanuni hizi humhusu pia mpagazi. Katika Kilimanjaro mzigo wake umewekewa kikomo cha kilo 20. Mara nyingi huficha maumivu kwa kuogopa kukosa ujira, kwa hiyo mwenye safari ana wajibu wa kumwuliza hali yake.

Kugeuka

Hans Meyer wa Ujerumani alijaribu kupanda Kibo mwaka 1887, akarudishwa na theluji na barafu kwa kukosa vifaa. Alirudi akiwa amejiandaa pamoja na Mwaustria Ludwig Purtscheller, wakafika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Luteni Alexander Nyirenda aliposimika bendera ya Tanganyika huko juu, wakati wa uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kilele kilipata jina la Uhuru.

Kundi hugeuka saa iliyopangwa inapofika, ukungu unapoficha njia, radi inapokaribia, au mmoja wao anapougua. Uamuzi huo hufanywa kwa kumfikiria aliye dhaifu kuliko wote.

Kuomba msaada

Ishara ya hatari ya mlimani ni milio 6 ya filimbi, au mimweko 6 ya tochi, ndani ya dakika moja. Baada ya kimya cha dakika moja ishara hurudiwa. Jibu ni milio 3. Nchini Tanzania namba 112 ni ya polisi na 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Anayepiga hueleza mahali, idadi ya watu, aina ya jeraha na hali ya hewa. Mgonjwa anayengoja hutengwa na ardhi kwa majani makavu, begi au nguo, kwa sababu baridi ya ardhi hupoza mwili haraka.

Tazama pia
* Kilimanjaro
* Mlima Rungwe
* Ngozi
* Mkoa wa Songwe
* Huduma ya kwanza