Tiba ya Seli kwa Tishu Zinazoshikilia Jino: Tatizo la Ushahidi, 1976–2018

Ugonjwa wa fizi unapokomaa, jino hulegea hata kama lenyewe halijaoza. Kinachoharibika ni mhimili wake: mfupa wa taya, nyuzi za ligamenti, na sementamu, yaani tabaka jembamba linalofunika mzizi. Kusafisha mzizi huweza kusitisha uharibifu huo, lakini kwa kawaida hakurejeshi kilichokwisha kupotea.

Mwaka 1976, Melcher alitoa hoja iliyobadili mwelekeo wa utafiti. Alidai kwamba aina ya seli zinazotangulia kufika kwenye mzizi baada ya upasuaji ndiyo huamua namna jeraha litakavyopona. Seli za utando wa juu wa fizi ndizo huwahi. Hutambaa kwa kasi kuelekea chini na kuuzingira mzizi kabla nyuzi mpya hazijajishika. Seli za mfupa nazo si salama: majaribio ya Karring na wenzake kwa mbwa, mwaka 1980, yalionyesha kuwa mizizi iliyozikwa ndani ya mfupa iligandamana nao na kuanza kumomonyoka. Zilizobaki kutegemewa ni seli za ligamenti.

Hoja hiyo ilijaribiwa kwa binadamu na Nyman na wenzake, katika taarifa yao ya mwaka 1982 kutoka Uswidi. Walitumia jino moja la mbele la taya ya chini, wakaweka kichujio cha maabara kati ya fizi na mzizi ili kuzipa seli za ligamenti nafasi ya kutangulia. Baada ya miezi 3 jino liliondolewa pamoja na tishu zake na kuchunguzwa kwa hadubini. Ilionekana sementamu mpya yenye nyuzi zilizopachikwa ndani yake. Jino moja ni sampuli ndogo mno. Hata hivyo, ushahidi wake ulikuwa wa moja kwa moja, na gharama yake ilikuwa jino lenyewe.

Kutoka kuzisubiri seli hadi kuzipeleka ilipita miongo miwili. Mwaka 2004, Seo na wenzake walitangaza kuwa wamepata seli shina katika ligamenti ya magego ya mwisho yaliyong'olewa. Zilipopandikizwa kwa panya wenye upungufu wa kinga, zilijenga tishu zinazofanana na sementamu na ligamenti. Hapa pia hadubini ndiyo iliyotoa hukumu.

Kwa wagonjwa hali ni tofauti. Jaribio la Chen na wenzake nchini China, lililochapishwa mwaka 2016, liliwagawa wagonjwa kwa nasibu: baadhi walipata madini ya mfupa pekee, wengine madini hayo pamoja na seli zao wenyewe. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya kitakwimu baina yao. Nchini Japani, Iwata na wenzake waliripoti mwaka 2018 matokeo ya wagonjwa 10 waliowekewa tabaka 3 za seli zilizooteshwa maabara. Matokeo yalitia moyo, ila kundi linganishi halikuwapo.

Katika tafiti zote mbili, vipimo vikuu vya mafanikio vilikuwa picha za eksirei na kina cha mfuko wa fizi. Eksirei huonyesha mfupa ulioongezeka; haionyeshi kama nyuzi zimejipachika kwenye sementamu mpya, jambo ambalo Nyman aliweza kuliona kwa sababu jino lile liliondolewa.