Majina ya watoto wa Kijapani: sauti moja, maana nyingi

Baada ya kipindi chetu kuhusu majina, mama mmoja mjamzito alitutumia ujumbe. Ameona kwenye simu kwamba Yuki ni jina la Kijapani lenye maana ya theluji. Amelipenda na anataka kumpa mtoto wake, ila anauliza kwanza kama maana hiyo ni ya kweli. Hewani tulimjibu kwa haraka kwamba ni kweli. Jibu lile lilikuwa nusu tu, kwa hiyo tunalimalizia hapa.

Wajapani wengi huandika majina yao kwa kanji, yaani alama zilizotoka China zamani. Herufi zetu hubeba sauti tu, lakini kila kanji ina maana yake. Mzazi mmoja huandika Yuki kwa alama ya theluji, mwingine kwa alama ya heri. Ukilisikia ni lilelile, ukilisoma ni jina jingine. Ukivuta sauti, Yuuki, limebadilika tena, na hili mara nyingi huandikwa kwa alama ya ujasiri. Au chukua Haruto, jina la wavulana lililopendwa sana miaka ya karibuni: wako wanaoliandika kwa alama za jua na kupaa angani, na wako wanaotumia alama za anga iliyotakata na mtu. Ndiyo maana huko mtu akitaja jina lake, si ajabu kuulizwa linaandikwaje.

Yapo yanayoeleweka kwa urahisi zaidi. Sakura ni maua ya mcheri, Sora ni anga, Hikari ni nuru.

Majina ya zamani yalifuata pia zamu ya kuzaliwa. Ichiro ni mwana wa kwanza, Jiro wa pili, Saburo wa tatu. Wasikilizaji wenye Kulwa na Doto nyumbani hawatashangaa. Wasichana wengi wa karne iliyopita walipewa majina yanayoishia na "ko", yaani mtoto, kama Keiko na Hanako. Siku hizi wazazi vijana hawayachagui sana. Na ukikutana na Mjapani anayeitwa Kato, usidhani ni pacha kama Kato wa Kagera au Uganda. Hilo ni jina la ukoo, na Wajapani hutanguliza la ukoo kabla ya la mtu mwenyewe.

Kwa desturi, mtoto hutangazwa jina usiku wa saba. Huandikwa kwa brashi na wino kwenye karatasi, ikatundikwa nyumbani. Kisheria wazazi wana siku 14 kuandikisha uzazi, na alama zinazoruhusiwa kwa majina ni karibu 3,000. Mwaka 1993, katika eneo la Tokyo, mzazi mmoja alitaka mwanawe aitwe Akuma, maana yake shetani. Alama zote mbili zilikuwa halali, lakini ofisi ilikataa kwa kuwa jina lingemuumiza mtoto. Kesi ikafika mahakamani na kuzungumzwa nchi nzima, na mwishowe mtoto akapewa jina jingine. Sisi tunaona ofisi ilifanya vema, maana mtoto hakuwa na wa kumsemea.

Tangu Mei 2025 daftari la familia linaandika pia jinsi jina linavyotamkwa, na ofisi inaweza kukataa matamshi yasiyoendana kabisa na alama zake.

Sasa turudi kwa mama yetu. Ndiyo, theluji ni mojawapo ya maana za Yuki, na huko jina hilo hupewa wasichana na wavulana. Kwenye cheti chetu cha kuzaliwa hakutakuwa na alama ya kuonyesha ni Yuki yupi, kwa hiyo maana atakayoijua mtoto ni ile utakayomwambia wewe. Ukifika kwa msajili, mtajie herufi moja moja: Y, U, K, I.