Siku Tatu za Maji: Muhogo wa Fizi na Pumzi ya Seli

Mwanamke wa Baraka, mji wa Fizi katika Kivu Kusini, Kongo, anayetaka kujua kama muhogo wake umekwisha kulowana hatazami saa. Anaingiza mkono ndani ya pipa, anashika kiazi kimoja na kukibonyeza kwa kidole gumba. Kikiwa kigumu kinarudi majini. Kikibonyea, ganda likateleza na ule uzi mgumu wa katikati ukachomoka mzima, anaanza kutoa. Mara nyingi huwa ni siku ya tatu, au ya nne maji yakiwa baridi. Harufu ya pipa hilo mgeni huikimbia, lakini mwenyeji wa Fizi anajua kwamba bila hiyo hakuna ugali wa kuaminika.

Nataka kukilinganisha kidole gumba hicho na vyombo vingine vilivyowahi kupewa kazi ile ile: mfuko wa kukamulia wa Amazoni, gunia na mawe vya Afrika Magharibi, jua la Mtwara na la Nampula nchini Msumbiji, na hata kioo cha kuchambulia mwanga katika maabara ya Cambridge. Vyote vinagusa jambo moja, nalo si ladha. Ni kama seli za mlaji zitaendelea kupumua baada ya chakula.

Tuanze na pumzi yenyewe. Mapokeo ya tiba ya Galen, yaliyopitia kwa Ibn Sina na kufika mwambao wetu pamoja na hesabu ya vyakula vya moto na vya baridi, yalishika kwamba pumzi huja kuupooza moto wa moyo. Ni wazo lenye akili: mwili una joto, hewa ina ubaridi, basi kimoja kinamtuliza mwenziwe. Lilidumu zaidi ya miaka elfu moja. Kisha Lavoisier na Laplace, Paris, mwanzoni mwa miaka ya 1780, wakamweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, mnyama yule yule anayefugwa jikoni katika nyumba nyingi za Kivu. Wakapima barafu iliyoyeyushwa na joto la mwili wake, wakailinganisha na hewa chafu aliyoitoa. Hesabu zikakaribiana na zile za mkaa unaoungua. Pumzi, wakasema, hailipoozi joto, ndiyo inayolilisha. Walichokosea ni mahali, kwa kuwa Lavoisier alidhani uunguaji huo unafanyika mapafuni.

Hewa tunayoivuta kifuani haina kazi kubwa kifuani. Kazi yake iko ndani ya seli, kwenye vijumba vidogo mno viitwavyo mitokondria. Glukosi itokayo kwenye ugali huvunjwa kwanza nje ya vijumba hivyo, bila oksijeni, na seli hupata faida ya molekuli 2 tu za ATP, kemikali inayolipia karibu kila kazi ya mwili, kuanzia kukunja msuli hadi kufikiri. Mabaki huingia ndani ya mitokondria na kuzungushwa katika mzunguko alioueleza Hans Krebs mwaka 1937. Elektroni huvuliwa humo na kupitishwa protini hadi protini, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Wa mwisho mstarini huikabidhi oksijeni, nayo hugeuka maji. Nishati inayotoka njiani husukuma protoni upande mmoja wa utando, na zinapokimbilia kurudi ndipo ATP nyingi hutengenezwa. Peter Mitchell alipolipendekeza hili mwaka 1961 wengi hawakumwamini. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel. Makadirio ya sasa ni ATP zipatazo 30 kwa kila glukosi. Tofauti ya 2 na 30 ndiyo sababu ubongo hauwezi kusubiri oksijeni hata kwa dakika chache.

Huyo wa mwisho mstarini ndiye anayetuhusu. Mwaka 1925, pale Cambridge, David Keilin alikuwa akitazama hamira kupitia kioo cha kuchambulia mwanga. Aliona mistari minne ya giza. Akiitikisa hamira pamoja na hewa, mistari inafutika. Akiiacha itulie, inarudi. Alikuwa akiona protini za mnyororo zikipokea elektroni na kuziachia. Kisha akatia sianidi, sumu ile ile itokayo kwenye muhogo mchungu, akatikisa tena, na mistari ikabaki pale pale: elektroni zimekwama, mlango wa mwisho umefungwa. Otto Warburg naye, Berlin, alikuwa akitumia sumu hiyo hiyo kukisaka kimeng'enya hicho cha mwisho mstarini. Alipata Nobel mwaka 1931. Ndiyo maana mtu aliyekula sianidi nyingi hufa huku mapafu yake yakifanya kazi na damu yake ikiwa imejaa oksijeni. Hata damu ya mishipa inayorudi moyoni hubaki nyekundu ya kung'aa, kwa kuwa seli hazikuchukua kitu.

Kwa hiyo sumu ambayo wanawake wa Fizi huimwaga na maji ya pipa ndiyo iliyowafungulia wataalamu wa Ulaya siri ya upumuaji. Sijaona kitabu cha shule kinachoyaweka mambo haya mawili katika ukurasa mmoja, na ni hasara, maana mtoto wa Mboko au Swima angeelewa sura nzima kwa kutazama pipa la nyumbani kwao.

Muhogo hauna sianidi huru. Una linamarini, ambamo sianidi imefungwa pamoja na sukari, na una kimeng'enya cha kuifungua, lakini viwili hivyo mmea huvitenga katika seli nzima. Panya akitafuna, kuta za seli zinavunjika, vinakutana, naye anapata adhabu yake. Muhogo mchungu una linamarini nyingi zaidi, na wakulima huupanda kwa kujua: nguruwe mwitu hausogelei, mwizi anayetaka kula papo hapo anauacha, nao hukaa ardhini miezi mingi ukimsubiri mwenyewe. Katika nchi iliyokimbiwa na wenyeji wake kwa sababu ya vita mwaka 1964, 1996 na 1998, sifa hiyo si ndogo.

Basi jiko lolote linalotaka kuula muhogo mchungu lina kazi mbili: kuvunja seli za kiazi ili kimeng'enya kifanye kazi, kisha kuitoa sianidi iliyoachiwa. Fizi imewapa bakteria kazi ya kwanza. Ndani ya pipa, vijidudu vinavyopumua hewa humaliza oksijeni upesi, kisha hutawala vile vinavyoishi bila hiyo, kwa faida ile ndogo ya ATP 2, na kuacha asidi nyuma yao. Ndiyo uchachu na harufu. Vijidudu hivyo hivyo hulainisha kuta za seli za kiazi, na ulaini huo ndio unaopimwa na kidole gumba. Sehemu ya sianidi huondoka na maji. Iliyobaki jua huimaliza, kwa sababu sianidi ya hidrojeni huchemka kwenye nyuzijoto 26, na mchana wa Baraka kwa kawaida huzidi hapo. Sombe, yaani kisamvu, ina linamarini pia, lakini kinu huvunja majani kwa dakika chache na sufuria iliyo wazi humaliza kazi.

Wenyeji wa Amazoni, ambako muhogo ulitoka, nao hujua kuloweka, ila fahari yao ni njia nyingine: wanakuna kiazi kibichi, wanakijaza ndani ya tipiti, mfuko mrefu uliosukwa unaojikaza ukivutwa, na maji ya sumu yanachuruzika chini. Maji hayo hawayamwagi yote; huyachemsha kwa muda mrefu hadi yawe mchuzi. Afrika Magharibi, kuanzia Ghana hadi Nigeria, wanakuna, wanatia kwenye gunia, wanaweka mawe juu siku kadhaa, kisha wanakaanga ikawa chakula kiitwacho gari. Kukuna kunafanya kwa mkono kile ambacho pipa la Fizi huwaachia bakteria, na kwa kweli ndiko kunakozikutanisha linamarini na kimeng'enya chake kwa haraka zaidi. Ila kunadai nguvu nyingi za mikono, au mashine. Unguja na Mombasa hawana mzigo huo. Wanapika muhogo mtamu kwa nazi au wanauchoma barabarani, na wala hawahitaji kufikiria lolote.

Njia ninayoiona dhaifu kuliko zote ni ya makopa yanayokaushwa juani moja kwa moja, bila kulowekwa wala kuvundikwa, kama inavyofanyika sehemu za kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kiazi kinakauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi, na linamarini inabaki ndani ya unga mweupe mzuri usio na harufu. Mwaka wa mvua nzuri watu hula wakavuka salama. Mwaka wa ukame, sumu huzidi kwenye kiazi na vitoweo hupungua. Mwaka 1981, mkoani Nampula, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu.

Ugonjwa huo ni konzo, ulioelezwa kitabibu na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo ya Wabelgiji. Unakuja ghafla, miguu yote miwili inakakamaa, na haiponi tena. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Unahusishwa na sianidi ya muhogo usiotengenezwa vizuri, ikiambatana na upungufu wa protini. Tarime, kaskazini mwa Tanzania, iliupata mwaka 1985, katika ukame. Mwaka 2011 ilichapishwa ripoti ya kitabibu juu ya kuzuka kwake hapa Kivu Kusini, na vita ikatajwa hata kwenye kichwa cha ripoti.

Kisa cha Bandundu, magharibi mwa Kongo, kinanikaa kichwani kuliko vyote. Huko hapakuwa na ukame wala ujinga. Kulikuwa na barabara nzuri. Lami ya kwenda Kinshasa ilipofika katika miaka ya 1970, malori yalianza kununua muhogo, na siku tatu za maji zikaanza kuonekana kuwa hasara. Wakaloweka usiku mmoja. Watafiti waliokwenda huko baadaye walikuta konzo katika vijiji vilivyofupisha siku. Wanawake hao walijua kazi yao kuliko mtafiti yeyote. Walichokosa ni muda, na muda ulinunuliwa sokoni. Ninawaomba wanaofanya biashara ya muhogo kwenye barabara ya Baraka hadi Uvira wakikumbuke kisa hiki, hasa ile siku mnunuzi anaposema lori linaondoka kesho.

Kuna upande mmoja ambao nadhani Fizi imewazidi wengi, na hakuna aliyeupanga. Mwili una njia yake ya kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, ambacho hutoka na mkojo, lakini njia hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini. Muhogo una protini kidogo mno. Ndagala, yaani dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanayo tele. Sahani ya ugali, sombe yenye mawese na ndagala wachache ni chakula cha maskini, lakini kwa hesabu ya seli imekamilika kuliko sahani ya ugali mtupu ya Kahemba au Popokabaka, kule Kwango, mbali na ziwa, ambako konzo imekaa miaka mingi. Familia inayokimbilia milimani kuelekea Itombwe huacha mambo mawili kwa mara moja: pipa la kulowekea na ndagala.

Ziwa lenyewe lina somo lake, nami nalitaja kwa kupita tu. Lina kina cha karibu mita 1,470, lakini upande wa kaskazini oksijeni huishia kama mita 100 hivi. Chini ya hapo samaki hawaishi. Bakteria wa huko hupumua salfeti badala ya oksijeni, na gesi wanayoitoa, yenye harufu ya yai viza, hufunga kimeng'enya kile kile kinachofungwa na sianidi.

Maabara nayo imerudisha deni kidogo. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alibuni njia ya kuokoa unga ambao haukulowekwa vya kutosha, na imetumika Popokabaka. Weka unga kwenye beseni, tia alama ndani ya beseni mahali unga ulipofika, kisha ongeza maji huku ukikoroga mpaka unga uliolowa ufikie tena alama ile. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimita moja, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya kilichobaki ndani ya unga hufanya kazi yake na sianidi hupeperuka. Kiwango kilichowekwa na FAO na WHO ni miligramu 10 kwa kilo ya unga, na unga wa makopa yaliyokaushwa juani tu mara nyingi hukivuka. Njia hii haichukui nafasi ya pipa. Ni ya mtu aliye safarini, kambini, au aliyenunua unga asiojua umetoka wapi. Mwenye jamaa katika hali hiyo amweleze, na asisahau kumwambia kwamba unga ukishaloweshwa hivyo upikwe siku hiyo hiyo, maana ukilala huota kuvu.