Maji Yamwagwe, Kuku Asitumbukizwe: Hoja Kuhusu Bakteria katika Machinjio Madogo ya Kuku

Mjadala kuhusu usafi wa nyama ya kuku katika miji yetu huishia kwenye hukumu mbili: ama wachinjaji waelimishwe, ama vibanda vyao vifungwe na kazi ihamie kwenye machinjio ya kisasa. Makala haya yanashikilia kwamba hukumu zote mbili zinatazama pasipo penyewe. Katika machinjio madogo, bakteria huhama kutoka kuku mmoja hadi mwingine hasa kwa njia ya maji yanayotumika kwa kurudiwarudiwa. Na maji hayo hurudiwa kwa sababu ni ghali na hayana pa kupita. Mchinjaji anajua kabisa kwamba yamechafuka.

Tuitazame kazi yenyewe, kama inavyofanyika katika masoko ya kuku ya Dar es Salaam, mfano Kisutu, Shekilango au Manzese. Kuku wa kisasa hufika ndani ya matenga yaliyopangwa moja juu ya jingine, wa juu wakiwanyea wa chini njia nzima. Mteja akishachagua, kuku huchinjwa, huachwa damu imtoke, kisha hutumbukizwa kwenye sufuria kubwa la maji ya moto. Kipimajoto hakuna. Mchinjaji huvuta unyoya wa bawa. Ukitoka bila kung'ang'ania, kuku yuko tayari. Huingia kwenye mashine ya kunyonyolea, pipa lenye vidole vya mpira vinavyomzungusha na kumpiga, hutoka mweupe, hupasuliwa, utumbo hutupwa, firigisi na ini huwekwa kando. Mwisho husuuzwa kwenye ndoo. Maji ya ndoo hiyo yalikuwa safi asubuhi. Soko likichangamka huwa na rangi ya damu, mafuta yakielea juu. Humo humo husuuzwa kuku wa mteja anayefuata, na wa baada yake.

Wadudu wanaotuhusu ni wawili. Salmonela inafahamika tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kampilobakta ilichelewa kutambuliwa: ni mwaka 1977 ambapo Martin Skirrow, daktari wa Worcester, Uingereza, alishawishi ulimwengu wa tiba kwamba ni chanzo cha kawaida cha kuhara kwa binadamu. Kuku hana shida nayo. Joto la mwili wake, nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, ndilo inalolipenda, na gramu moja ya kinyesi chake inaweza kubeba mamilioni ya bakteria hao bila ndege kuonyesha dalili yoyote. Kwa binadamu, wachache wanatosha. Mwaka 1981 mtafiti Robinson alichapisha taarifa ya kujijaribu mwenyewe: alikunywa maziwa yenye bakteria takriban 500, akaugua. Kwa wagonjwa wachache, baada ya kuhara kuisha, hufuata ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu na mtu akapooza.

Kutoka mamilioni katika gramu moja hadi mia tano wa kumlaza mtu ni mwendo mfupi sana, na hatua za uchinjaji zinaufupisha zaidi. Kuku akitumbukizwa kabla hajakata roho huvuta maji ya sufuria hadi kwenye mapafu. Maji ya nyuzi 50 na kitu hulegeza manyoya, lakini kwa muda mfupi anaokaa humo kuku, na kwa uchafu uliomo, hayatoshi kuua kila kilichomo. Vidole vya mpira hubana tumbo na kukamua kinyesi, kisha hukipaka kwenye ngozi ya huyu na ya anayemfuata, huku vitundu vilikotoka manyoya vikiwa wazi kuwapokea bakteria. Gole lililojaa chakula likipasuka wakati wa kupasua, kazi yote iliyotangulia imeharibika. Ndoo ya kusuuzia inakuja mwisho na kuwagawia wote kilichokuwa cha mmoja. Wapo wanaotia dawa ya klorini ndani yake wakidhani wametatua jambo. Damu na mafuta huimaliza nguvu klorini kabla haijawafikia bakteria.

Nitajibiwa kwamba sisi hatuli kuku mbichi: tunachemsha, tunakaanga, tunaunga kwa nazi hadi nyama iachane na mfupa. Ni kweli, na ni kinga kubwa. Salmonela na kampilobakta hufa upesi joto likipita nyuzi 70. Lakini kuku hafiki sufuriani peke yake. Hukatwakatwa kwanza juu ya kibao, na mara nyingi kibao hicho hicho na kisu hicho hicho ndivyo vinavyokatia nyanya na vitunguu vya kachumbari ambayo haitaona moto. Maji yaliyochuruzika kutoka kwenye mfuko wa plastiki yamelowesha kikapu chenye embe la mtoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba vyakula visivyo salama huua watu 420,000 kwa mwaka, 125,000 kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na kwamba Afrika ndiyo inayobeba mzigo mzito kuliko maeneo mengine kwa uwiano wa idadi ya watu. Sisemi kwamba vifo hivyo vyote vinatoka kwa kuku. Hata salmonela inayoingia kwenye damu ya watoto wa Kiafrika, wataalamu wengi wanadhani huenea kwa sehemu kubwa kati ya binadamu wenyewe. Ila pale tunapoweza kuziba mlango mmoja, hatuna ruhusa ya kungoja hadi yote ihesabiwe.

Basi tujenge machinjio makubwa? Ulaya wanayo. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2008 katika nchi za Umoja wa Ulaya, katika machinjio yenye minyororo, vipoozeo na wakaguzi, ulikuta kampilobakta kwa asilimia 75.8 ya kuku waliochinjwa. Kiwanda kinaweza kukusanya maelfu ya kuku kwenye tangi moja la maji ya kupoozea, na kosa la ndoo likarudiwa kwa kipimo kikubwa. Kwamba kuku ndiye chanzo kikuu cha kampilobakta kwa binadamu, Ubelgiji ilithibitisha bila kukusudia: Juni 1999, kuku walipoondolewa madukani kwa sababu ya sumu ya dioksini kwenye chakula cha mifugo, wagonjwa wa kampilobakta walipungua kwa takriban asilimia 40. New Zealand ilichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 2006 iliwabana wafugaji na wachinjaji kwa vipimo vya bakteria kwenye kuku waliokwisha kuchinjwa, na kufikia 2008 wagonjwa walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu. Kilichobadilika pale ni namna ya kazi, na matokeo yakawa yanapimwa.

Huku kwetu ukaguzi bado ni wa macho. Umetokana na mfumo uliojengwa Ujerumani katika karne ya 19 na watu kama Robert von Ostertag, uliokusudiwa kuona vifuko vya minyoo ya tegu na vinundu vya kifua kikuu katika nyama ya ng'ombe na nguruwe. Kwa kazi hiyo ulifaa, na bado unafaa. Kampilobakta haina kinundu. Afisa mifugo mwaminifu kupita wote anaweza kumgonga mhuri kuku aliyejaa bakteria, asiwe ametenda kosa lolote.

Hapa ndipo ninapoona tumepuuza hazina iliyo mikononi mwetu. Kwa desturi iliyozoeleka katika sehemu kubwa ya Tanzania na pwani ya Kenya, anayechinja kuku wa kuuza ni Muislamu, na Muislamu wa pwani amesoma fikihi ya Imamu Shafi tangu chuoni. Amefundishwa kwamba maji yasiyofika kulateni, kiasi kinachokadiriwa na wengi kuwa lita 200 hivi, hunajisika mara tu najisi inapoingia, hata kama rangi, harufu na ladha havikubadilika. Amefundishwa pia kwamba kwa maji machache kama hayo, kitu kilichonajisika hutwaharika kwa kumwagiwa maji juu yake. Kikitumbukizwa, maji ndiyo yanayonajisika. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi nao walijadili hukumu ya kuku anayetiwa kwenye maji yanayochemka kabla ya kutolewa utumbo, karne nyingi kabla ya hadubini. Sichanganyi tohara na bakteriolojia: maji yenye najisi hata yakichemshwa bado ni najisi, ilhali bakteria wake wamekufa, na tangi kubwa linaweza kuwa tohara na bado likabeba vimelea. Lakini kuhusu ndoo, elimu hizi mbili zinatoa amri moja, na mchinjaji anaijua mojawapo kwa moyo. Kumfundisha kana kwamba haelewi maana ya maji machafu ni kumdharau, na ni kupoteza muda.

Kinachomzuia kuitii ni bei. Anayenunua maji kwa dumu hawezi kuyamwaga juu ya kila kuku yakaenda zake, hasa kama hakuna mfereji wa kuyapokea na jirani anauza mboga hatua chache mbele. Halmashauri inayotoza ushuru wa soko ndiyo inayopaswa kuleta tangi lililoinuliwa, bomba lenye mkondo mwembamba, mfereji, na ukuta mfupi unaotenganisha upande wa manyoya na upande wa kupasulia, ili mkono uliotoa utumbo usirudi kwa kuku aliyekwisha safishwa. Kumnyima kuku chakula saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinjwa, akiendelea kupewa maji, hakuhitaji ujenzi; kunahitaji mfanyabiashara akubali kwamba gole tupu halimpunguzii mteja kitu. Mafunzo nayo yana nafasi yake. Huko Ibadan, Nigeria, wachinjaji wa soko la Bodija waliofundishwa kupitia vikundi vyao wenyewe walitoa nyama yenye bakteria wachache zaidi. Wafundishwe, basi, lakini bomba litangulie.

Hoja hii inapimika, na ningependa ipimwe. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wataalamu wa kazi hii. Wachukue vipande vya ngozi ya shingo katika soko moja, kabla ya kusuuza na baada ya kusuuza, kwanza kwa ndoo kisha kwa maji ya bomba yanayomwagika, wahesabu E. koli na kampilobakta katika kila kipande. Kama hesabu ya ndoo haitapanda kadiri saa za soko zinavyosonga, na ya bomba ikaenda nayo sawa, basi nimekosea, na fedha za ushuru zielekezwe kwingine.