Chikungunya: damu ya Newala, chanjo ya wasafiri

Homa ya dengue ilipoibuka Dar es Salaam mwaka 2014, waliopimwa na kukutwa nayo walizidi 1,000. Mwaka 2019 ikarudi kwa kishindo. Wagonjwa waliothibitishwa nchini wakapita 6,000, wengi wao wa jiji hili. Wakazi wa Ilala walijua kwa uchungu kwamba mbu anayeieneza, Aedes aegypti, huuma mchana kweupe, dukani na sokoni, mahali ambapo chandarua hakina kazi. Chanjo iko wapi? Jibu linaanzia Newala, kwa ugonjwa mwingine anaoueneza mbu huyu huyu.

Mwaka 1952 na 1953 watu wa uwanda wa Makonde, iliko Newala, walishikwa ghafla na homa kali na maumivu ya viungo yaliyowakunja wasiweze kusimama wima. Dkt. Marion Robinson, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Lulindi, aliandika dalili zao. Kutoka Entebbe alikuja mtafiti W.H.R. Lumsden. Aliona kwamba uwandani maji yalikuwa ya shida, yakafuatwa mbali na kuwekwa ndani kwenye mitungi, na humo ndimo mbu walimozaliana. Mwaka 1953 R.W. Ross alikipata kirusi chenyewe katika damu ya mgonjwa: chikungunya.

Jeshi la Marekani ndilo lililofika mbali zaidi katika kutafuta chanjo, likitumia kirusi kilichotoka Thailand mwaka 1962, kwa kuwa askari wake walipelekwa nchi za joto. Mradi ule ulikwama kwa kukosa fedha. Kisha, mwaka 2004, chikungunya ikazuka Lamu na Mombasa, ikavuka hadi Comoro, na huko Réunion ikaambukiza takriban theluthi moja ya watu. Mwaka 2007 ikafika Italia. Hapo kampuni za dawa zikaamka.

Chanjo ya kwanza, Ixchiq, iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, miaka 70 baada ya Ross. Imetengenezwa kwa kirusi cha Réunion, mtoto wa mlipuko ule ule wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, na huko Marekani ilipendekezwa kwa wasafiri zaidi kuliko wanaoishi na mbu. Agosti 2025 Marekani ikasimamisha kibali chake kutokana na madhara makubwa, hasa kwa wazee. Chanjo ya pili, Vimkunya, ilikuwa imeidhinishwa Februari mwaka huo huo. Kwa dengue ipo Qdenga, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali Mei 2024. Hakuna hata moja iliyomo katika ratiba ya chanjo ya taifa letu.

Hili linauma. Damu iliyofungua elimu hii ilitoka kwa mgonjwa wa Newala. Tanzania ina haki ya kudai majaribio yafanywe hapa, na chanjo iuzwe kwa bei anayoimudu mtu wa Buguruni.

Hadi hapo silaha yetu ni kushughulikia vyombo vya maji, kama vile alivyoviona Lumsden. Bomba likikauka tunajaza mapipa na madumu. Funua pipa la wiki mbili uone viluwiluwi wakipanda na kushuka. Matairi yaliyorundikwa nyuma ya gereji hushika maji ya mvua vilevile. Kumwaga maji hakutoshi: mayai ya Aedes hunata ukutani mwa chombo na kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji. Pipa lisuguliwe kwa ndani kila wiki, kisha lifunikwe.