Minyan: jamaa ya watu kumi

Katika mikutano ya vyama vya ushirika vya msingi vya wakulima wa kahawa, Bugomora na kwingineko wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, neno akidi halihitaji ufafanuzi. Wanachama wakifika wachache, akidi haijatimia, na mkutano unaahirishwa. Kwa hiyo mfasiri wa maandishi ya ibada ya Kiyahudi akikutana na neno la Kiebrania minyan, akidi ndiyo inayomjia kwanza. Minyan ni watu wazima kumi ambao sheria ya Kiyahudi inataka wawepo ili sehemu fulani za sala zisaliwe hadharani. Akidi inaonekana kutosha. Mimi naona haitoshi, na kinachopotea ndicho chenye thamani zaidi.

Mzizi wa minyan ni kitenzi chenye maana ya kuhesabu. Kumi yenyewe Talmudi inaitoa katika kitabu cha Hesabu, sura ya 14. Musa alituma wapelelezi 12 kwenda Kanaani. Ukiwatoa Yoshua na Kalebu, wanabaki kumi waliorudi na habari za kuwavunja watu moyo. Mungu anawataja kwa neno eda, ambalo Biblia ya Kiswahili imelifasiri kuwa mkutano. Marabi wakahitimisha kwamba mkutano haupungui kumi. Inanigusa sana kwamba kipimo cha kusanyiko takatifu kimechukuliwa kwa watu waliokosea. Wema hauingii katika hesabu hii. Marabi tisa waliobobea hawatoshi; wakulima kumi wa kawaida wanatosha.

Hapo ndipo akidi inapoanza kupwaya. Akidi hutegemea ukubwa wa chombo chenyewe: Katiba ya Tanzania inataka nusu ya wabunge wote, ya Kenya inataka wabunge 50 katika Bunge la Taifa na maseneta 15 katika Seneti. Minyan ni kumi kijijini na kumi New York. Tena akidi isipotimia, shughuli yote inasimama. Minyan isipotimia, waliofika wanasali, kila mmoja kwa nafsi yake, lakini yapo wanayoyaacha. Hawasomi Torati hadharani kutoka katika gombo. Hawaitikii Kedusha, ule wito wa Isaya 6 unaomtaja Mungu mara tatu kuwa Mtakatifu, ambao Wakatoliki na Walutheri wa Karagwe wanaufahamu vizuri kutoka katika ibada zao wenyewe. Na hawasemi Kadishi.

Kadishi ni sala ya kumtukuza Mungu, sehemu kubwa yake kwa Kiaramu, na mfiwa huisema akiwa amesimama. Aliyefiwa na mzazi huisema kwa miezi 11. Haina hata neno moja juu ya kifo. Imejengwa juu ya mwitikio: mfiwa anatamka, wenzake wanaitikia Amina na kulitukuza Jina. Bila wa kuitikia haina pa kusimama, na ndiyo sababu haisemwi na mtu peke yake. Katika siku saba za kwanza za maombolezo mfiwa kwa kawaida hatoki kwenda sinagogi. Watu wanamfuata nyumbani kwake ili kumi itimie pale pale alipo. Aliyewahi kukaa matangani Kagera, akaona majirani wanavyoacha shughuli zao wakaja kukaa na wafiwa, hahitaji kuelezwa zaidi. Anayetoka kitandani alfajiri ili awe mtu wa kumi anamwezesha mwenzake kumwombolezea mama yake. Hilo halimo ndani ya neno akidi.

Kuna jambo jingine ambalo mfasiri hapaswi kuliruka. Ingawa minyan maana yake ni hesabu, mapokeo yanakataza kuwahesabu watu moja kwa moja. Katika masinagogi mengi hutumiwa mstari wa Zaburi 28:9, ambao kwa Kiebrania una maneno kumi: kila mtu anapewa neno moja, na mstari ukiisha, kumi imetimia. Wazee wengi wa Afrika Mashariki nao hawapendi watoto wao au ng'ombe wao wahesabiwe kwa kunyooshewa kidole.

Wayahudi wanaojulikana zaidi katika ukanda wetu wa Ziwa Victoria ni Abayudaya wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Chanzo chao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akaachana nao. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe na kujitangaza kuwa Myahudi. Alifariki mwaka 1928, lakini jumuiya ikabaki. Chini ya utawala wa Idi Amin, ulioanza mwaka 1971, dini hiyo ilipigwa marufuku. Wengi wakaiacha, waliobaki wakasali kwa siri majumbani. Marufuku ya namna hiyo inaigonga minyan moja kwa moja: mtu anaweza kunong'ona zaburi chumbani mwake, ila kukusanya kumi bila kuonekana ni hatari. Vita vilivyoanza mwaka 1978 kwa majeshi ya Amin kuivamia Kagera viliuangusha utawala wake Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia. Mtu wa Kagera ana haki ya kuikumbuka tarehe hiyo kwa sababu zake, na Abayudaya kwa zao.

Leo kwenye kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale, Sabato inapokelewa Ijumaa jioni kwa nyimbo za Kiebrania na Kiluganda. Kwamba siku inaanza jua linapozama si jambo geni kwa Mswahili: watu wa pwani kwa desturi huuita usiku unaofuata mchana wa Ijumaa usiku wa Jumamosi. London, saa ya kuingia Sabato huruka kutoka kama saa kumi jioni mwezi Desemba hadi saa tatu usiku mwezi Juni. Bugomora, kilomita zaidi ya 100 kusini mwa ikweta, jua huzama karibu na saa moja mwaka mzima, kwa tofauti ya kama nusu saa tu.

Tufasiri vipi, basi? Kulikopa neno na kuliandika minyani kunawezekana, ila msomaji ataona kiambishi mi- na kuanza kutafuta umoja wake. Jumuiya ni neno zuri, lakini kwa Wakristo wa kwetu ni kundi la kudumu lenye mwenyekiti na katibu, wakati minyan inaweza kuundwa uwanja wa ndege na wageni wasiojuana, ikavunjika baada ya robo saa. Napendekeza jamaa. Waislamu wanasema kusali jamaa, yaani kusali pamoja nyuma ya imamu, na wale wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi kwetu, wanajua pia kipimo cha idadi, kwani sala ya Ijumaa kwao inahitaji watu 40. Jamaa vilevile ni ndugu, mtu wa karibu. Ila isiandikwe jamaa ya kumi, ambayo itasomwa kama inayofuata ya tisa. Iwe jamaa ya watu kumi, na kitenzi chake kiwe kutimia.

Hata neno watu linataka uangalifu. Kiswahili hakitulazimishi kutaja jinsia, lakini sheria inaitaja. Kwa Waorthodoksi ni wanaume kumi waliotimiza miaka 13. Wanamageuzi wanawahesabu wanawake, na mwaka 1973 kamati ya sheria ya Wakonsavativu nchini Marekani iliruhusu nao wahesabiwe. Marabi wa mkondo huo ndio waliowapokea rasmi mamia ya Abayudaya mwaka 2002, ilhali wenzao wa kijiji cha Putti wamefuata njia ya Kiorthodoksi. Kwa hiyo mfasiri aulize kwanza andiko linatoka kwa nani. Likitoka Nabugoye, aandike watu kumi. Likitoka Putti, aandike wanaume kumi.